Nani Anayeapa?

Mtu akitaka kula kiapo cha maandishi, huenda kwa wakili. Wakili hagongi muhuri ovyo. Sheria ya Viapo ya mwaka 1966 inataka anayeapa awe anafahamika kwa wakili. Kama hafahamiki, atambulishwe na mtu ambaye wakili anamfahamu.

Huku Karagwe tumepakana na Rwanda. Mgeni anaweza kuonyesha pasi, au kadi ya ubalozi wa nchi yake. Kadi hiyo yamtambulisha tu. Haimfanyi kuwa Mtanzania.

Je, ukiombwa umtambulishe mtu usiyemjua? Kataa. Akiapa kwa jina la jirani yako, jirani aweza kunyang'anywa shamba lake la kahawa.

Soma kwanza, ndipo utie sahihi.