Kwa Nini Wachumaji wa Chai ya Kericho Walitoka Mbali

Kampuni za Brooke Bond na James Finlay zilipoanza kupanda chai kwa wingi Kericho, Kenya, katika miaka ya 1920, majirani zao walikuwa Wakipsigis, lakini wachumaji wengi walitoka kwa Wajaluo, Waluhya na Wakisii. Ujira peke yake hauelezi jambo hilo. Kwa Mkipsigis, aliyenyang'anywa ardhi nyingi na wakoloni, utajiri ulihesabiwa kwa ng'ombe, kwa hiyo wengi waliona afadhali kuwa maskwota, yaani vibarua walioruhusiwa kulima na kulisha mifugo katika mashamba ya walowezi, kuliko kuishi katika kambi za mashamba ya chai pasipo malisho.

Mjaluo naye alifuata njia ambayo wataalamu huiita uhamaji wa mzunguko, ambapo mtu huhama kwa kazi bila kuhamisha kwao: huchuma majani mawili na chipukizi lake, hupeleka kikapu mizanini, hutuma fedha za kujenga nyumba kijijini, na akifariki maiti yake husafirishwa, kwa kuwa mila hutaka azikwe katika boma lake. Mshahara ulimleta, desturi ndiyo iliyomrudisha.

Baada ya uhuru, Wakipsigis wengi wa Kericho na Bomet walipanda chai yao wenyewe, wakiiuza kupitia KTDA, shirika la chai la wakulima wadogo lililoundwa mwaka 1964. Ghasia za uchaguzi wa 2007 ziliwafukuza wageni wengi, na leo mashine za kuchumia, ambazo baadhi zilichomwa moto katika maandamano ya 2023, zinapunguza kazi za mgeni na mwenyeji pia.