Lanzarote: Kisiwa Kilichoufanya Moto Kuwa Neema

Lanzarote ni kisiwa cha Hispania, lakini ukikitafuta kwenye ramani utakikuta upande wa Afrika, kilomita 130 hivi kutoka pwani ya Moroko. Ni cha mashariki zaidi kati ya visiwa vikuu vya Canary. Mvua yake ni haba, na jua huwaka karibu mwaka mzima. Urefu wake ni kilomita 60 hivi, kwa hiyo familia iliyofikia Playa Blanca, kusini, inaweza kwenda hadi ncha ya kaskazini na kurudi kabla ya chakula cha jioni.

Safari ya kwanza iwe Timanfaya. Tarehe 1 Septemba 1730 ardhi ilipasuka hapo, na volkano haikutulia hadi mwaka 1736. Andrés Lorenzo Curbelo, padri wa Yaiza, aliandika habari za vijiji vilivyomezwa. Takriban robo ya kisiwa ilifunikwa na lava. Leo eneo hilo ni hifadhi ya taifa, tangu 1974, na wageni hupitishwa kwa basi katikati ya vilima vyekundu na vyeusi, kwa kuwa hairuhusiwi kujitembelea ovyo. Watoto hushangilia zaidi maonyesho ya moto. Mfanyakazi hutia kichaka kikavu shimoni, nacho huwaka chenyewe. Kisha humwaga maji kwenye bomba lililozama ardhini, na mvuke hufoka juu kwa kishindo. Katika mkahawa wa El Diablo nyama huchomwa kwa joto hilohilo litokalo chini. Nje kidogo, ngamia hubeba wageni mteremkoni. Wanyama hao zamani walilima mashamba ya kisiwa.

Jirani na Timanfaya ni La Geria, na hapo ndipo mgeni anapoiona akili ya mkulima. Baada ya majivu ya volkano kuzika udongo, wakulima walichimba mashimo mapana mpaka kuufikia, wakapanda mzabibu mmojammoja, na kuujengea ukuta mfupi wa mawe wa kuukinga na upepo. Majivu yale yale yaliyowafilisi huhifadhi unyevu na kuzuia jua lisiukaushe udongo. Bonde lote limetobolewa mashimo kama bao lisilo na mwisho.

Kaskazini, volkano ya Monte Corona iliacha handaki la lava la kilomita kadhaa linaloingia hadi chini ya bahari. Sehemu yake moja ni Cueva de los Verdes, ambako zamani wenyeji walijificha maharamia walipovamia. Mwongozaji huwatembeza wageni ndani kiasi cha kilomita moja, na mwishoni kuna siri ambayo kila aliyeiona huombwa asiwafichulie wengine. Sehemu nyingine ni Jameos del Agua, yenye ziwa tulivu la maji ya chumvi wanamoishi kaa wadogo weupe, vipofu. Wazazi wawakataze watoto kutupa sarafu majini, maana kutu ya sarafu huwaua viumbe hao.

Aliyeipamba Jameos del Agua ni César Manrique, msanii aliyezaliwa Arrecife mwaka 1919. Aliporudi kutoka New York miaka ya 1960, alipigania kisiwa kisijazwe maghorofa wala mabango ya biashara barabarani. Ndiyo maana nyumba nyingi ni fupi na nyeupe, zenye milango ya kijani au buluu. Nyumba yake ya Tahíche, iliyojengwa ndani ya mapovu matano ya lava, sasa ni makumbusho. Kazi yake nyingine ni Mirador del Río, roshani iliyochongwa kwenye jabali refu, inayotazama kisiwa kidogo cha La Graciosa ng'ambo ya mlango wa bahari.

La Graciosa nayo inastahili siku yake. Kivuko hutoka Órzola na kufika kwa nusu saa hivi. Huko hakuna barabara ya lami. Watu hutembea kwa miguu au hukodi baiskeli hadi fukwe za mchanga mwororo.

Kwa kuogelea na watoto, nenda Papagayo, ambako miamba hukinga maji yakatulia. Famara inapendeza macho, lakini mawimbi na mikondo yake ni ya wachezaji wa mawimbi, si ya watoto.

Msafiri wa Tanzania au Kenya atahitaji viza ya Schengen na fedha za Euro, na atabadili ndege barani Ulaya, Madrid kwa mfano. Kukodi gari kunarahisisha mambo, na zipo tiketi za pamoja kwa vivutio kadhaa.

Fukwe nzuri zipo kwingi duniani. Ila ni mahali pachache mtoto anapoliona joto la ardhi kwa macho yake, kisha akajionea jinsi watu walivyoyageuza majivu kuwa shamba. Kwa hilo, Lanzarote inastahili nauli yake.