Askari au Bawabu? Chembe za Kinga na Mpaka wa Damu katika Sikio la Ndani

Mwanafunzi wa fonetiki hufundishwa mapema habari za ala za matamshi: ulimi, meno, ufizi na kaakaa. Sikio hutajwa kwa ufupi tu, na aghalabu maelezo huishia kwenye ngoma na vile vifupa vitatu. Makala haya yanakusudia kuingia ndani zaidi, hadi mahali ambapo damu hupakana na maji ya koklea, na kuuliza kama istilahi zinazotumika hueleza sawasawa yanayotendeka hapo.

Koklea ni mfereji uliojizungusha mfano wa gamba la konokono. Ndani yake zimepangwa safu za chembe zenye vinyweleo, ambazo hugeuza mtikisiko wa sauti kuwa habari ya kupelekwa ubongoni. Katika kila sikio mna chembe hizo zipatazo 15,000, na kwa binadamu zikifa hazioti tena. Zile za mwanzo wa mfereji hupokea sauti za juu, nazo mara nyingi ndizo huharibika kwanza. Hapo ndipo msikilizaji huanza kupotewa na tofauti ya *suka* na *fuka*, au ya *thamani* na *samani*, ijapokuwa irabu zote bado azisikia vyema.

Chembe hizo huhitaji umeme. Maji yanayozigusa vinyweleo vyake yana potasiamu nyingi na sodiamu haba, nayo yana nguvu ya umeme ipatayo milivolti 80 kuishinda ile ya damu. Nguvu hiyo huzalishwa na utepe mwembamba uliojaa mishipa midogo ya damu, ulio kwenye ukuta wa nje wa koklea. Basi utepe huu una shida mbili zinazopingana: hauwezi kuishi bila ya damu, na hauwezi kufanya kazi iwapo yaliyomo katika damu yatavuja ovyo. Kwa hiyo chembe zinazounda kuta za mishipa yake zimeshikamanishwa kwa protini hata pasiwe na upenyo baina yake. Mpaka huo ndio uitwao kizuizi cha damu na sikio la ndani.

Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba kizuizi hicho huliweka sikio la ndani mbali na mambo ya kinga ya mwili, kama ilivyodhaniwa kuhusu ubongo. Mwaka 1979 daktari wa Kimarekani, Brian McCabe, alieleza habari za wagonjwa waliokuwa wakipoteza usikivu, kisha wakapata nafuu kwa dawa za kutuliza kinga. Ikadhihirika kuwa kinga yaweza kulidhuru sikio. Lakini kwamba huilinda pia mipaka yake kila siku, hilo lilichelewa kufahamika.

Mwaka 2012 watafiti wa Oregon, Marekani, akiwamo Xiaorui Shi, walichapisha matokeo ya uchunguzi wao juu ya panya. Kando ya mishipa ya utepe ule huishi makrofaji, yaani chembe za kinga zenye kumeza vijidudu na takataka. Hizi zina mikono mirefu iliyoikumbatia mishipa, na zimebeba rangi nyeusi ya melanini. Zilipoondolewa, mishipa ilivuja, nguvu ya umeme ikashuka, na usikivu wa panya ukapungua. Ilionekana kuwa makrofaji hizo hutoa protini inayoziamuru kuta za mishipa zishikamane. Panya walipopigiwa makelele makubwa, mikono yake iliachana na mishipa. Makrofaji zimeonekana pia katika koklea za binadamu waliofariki.

Imezoeleka kuziita chembe za kinga askari wa mwili. Kwa vita vya damuni jina hilo halina ubaya, lakini hapa lapotosha, maana askari hungoja adui. Neno *kizuizi* nalo, lililotokana na *kuzuia*, huleta picha ya boma lisilo na uhai. Afadhali zaidi ni *bawabu*, ambaye kazi yake ni mlango wenyewe: hufunga, hufungua, na akiondoka nyumba i wazi.

Jambo hili si la maneno matupu. Dawa kama streptomaisini, kanamaisini na jentamaisini huua vijidudu, lakini huweza pia kuua chembe za usikivu. Panya waliotiwa sumu ya bakteria damuni, hata kinga yao ikachemka, waliingiwa na jentamaisini zaidi katika koklea kuliko panya wazima, na usikivu wao ukaharibika zaidi. Mgonjwa ahitajiye dawa hiyo ndiye huyohuyo ambaye mlango wake huenda umelegea. Upande wa pili, mlango uliofungwa barabara hukataa hata dawa iliyokusudiwa kuliponya sikio; ndiyo maana madaktari wengine huipitisha sindano katika ngoma ya sikio na kuiacha dawa ipenye kutoka sikio la kati.