Hana mfupa hata mmoja, lakini anapasua udongo: siri ya nyungunyungu ni maji

Mvua ikinyesha usiku, asubuhi nyungunyungu, yaani minyoo ya udongo, wanaonekana njiani na mashambani. Hawana mifupa wala miguu. Hata hivyo wanatoboa udongo ambao mara nyingine unamchosha hata mwenye jembe. Nguvu hiyo wanaitoa wapi? Kwenye maji yaliyo ndani ya mwili wao.

Chukua mfuko mdogo wa plastiki uliojaa maji, kama ile inayouzwa barabarani. Ukiubana katikati, maji hayapungui. Yanakimbilia pande zote mbili na mfuko unavimba huko. Nyungunyungu anatumia njia hiyo hiyo.

Mwili wake umegawanyika katika pingili, mara nyingi zaidi ya 100, na kila pingili ina maji yake. Misuli iliyo kando ya maji hayo ni ya aina mbili. Ya kwanza inazunguka mwili kama mkanda: ikikaza, pingili inakuwa nyembamba na ndefu, na kichwa kinapenya kwenye tundu dogo. Ya pili imelala kutoka kichwa hadi mkia: ikikaza, pingili inakuwa fupi na nene, na inasukuma udongo pembeni. Vinywele vifupi na vigumu vinashika ukuta wa shimo ili asirudi nyuma, kisha mkia unavutwa mbele.

Mkulima anafaidika. Mashimo hayo yanapitisha hewa na maji ya mvua hadi kwenye mizizi. Kwenye milima ya Kivu, maji yanayoingia ardhini hayateremki bondeni yakibeba udongo wa shamba. Mwaka 1881, mtaalamu Mwingereza Charles Darwin alikadiria kwamba, katika sehemu nyingi za Uingereza, nyungunyungu wanapandisha juu zaidi ya tani 10 za udongo kila mwaka kwa ekari moja.

Lakini maji hayo ndiyo pia udhaifu wake. Yakipungua, misuli inakosa cha kusukuma. Tena anapumua kwa ngozi, ambayo lazima ibaki na unyevu; jua kali likimkuta nje, anakauka na kufa.

Ndiyo maana kuchoma mabaki ya mahindi na maharagwe kunamuumiza mara mbili: kunamnyima chakula, na kunaacha udongo wazi kwa jua. Mabaki hayo yakiachwa yafunike shamba, unyevu unabaki, na nyungunyungu anaendelea kulima bila kudai mshahara.