RAHA YA JANGWANI NI NDOO, SI JENERETA

Majuu nako kuna watu wanaoishi bila bomba, bila nguzo ya umeme na bila mwenye nyumba, tena kwa kupenda wenyewe! Anayebisha na afike Quartzsite, jimbo la Arizona, mwezi wa Januari. Mji wenyewe kiduchu, wakazi wake wa kudumu ni elfu mbili na ushei, uko kando ya barabara kuu inayotoka Phoenix kwenda Los Angeles. Lakini majira ya baridi yakiingia, jangwa lote linalouzunguka hujaa magari-nyumba, meupe yamejipanga mpaka macho yanachoka, utadhani kuna arobaini ya mtu mkubwa.

Gari-nyumba ni hivi: chukua basi au tela, tia ndani kitanda, jiko la gesi, friji, choo na kijibafu. Basi, umehamia. Wengi wa wenye magari hayo ni wastaafu wanaokimbia theluji za kaskazini. Wengine ni watu walioona kodi ya nyumba inawala mshahara wote, wakaamua bora walale juu ya magurudumu. Ile sinema ya Nomadland, iliyotwaa Oscar ya filamu bora mwaka 2021, inaonyesha jangwa hilohilo, na akina mama kama yule wa kwenye sinema utawakuta kweli wakianika soksi kwenye kioo cha gari.

Ardhi ni ya serikali kuu, chini ya idara inayoitwa BLM kwa kifupi. Sehemu nyingi unakaa bure siku 14, kisha unahama. Ukitaka kukaa zaidi, kuna maeneo maalumu kama La Posa, kusini ya mji, ambako kibali kinahesabiwa tangu Septemba 15 mpaka Aprili 15. Kwa miaka mingi ada yake ilikuwa dola 180 kwa msimu wote. Gawanya kwa miezi saba halafu linganisha na kodi ya chumba chako cha Sinza.

Sasa bei hiyo haina waya wala bomba, na hapo ndipo kimbembe kinapoanza. Mimi nimelala huko wiki mbili kwenye tela la jamaa yangu mmoja, mtoto wa Tandika, na nakwambia nimewaona watu wenye mshiko wao, wenye mabasi ya futi 40, wakiteseka usiku kucha, huku sisi tunakunywa chai ya tangawizi.

Tuanze na umeme, maana ndio unaowatoa watu jasho. Jamaa ana betri moja ya volti 12, ampea-saa 100. Kwa hesabu ya darasani hizo ni wati-saa 1,200. Lakini betri ya kawaida, hii ya risasi na tindikali, ukiikamua zaidi ya nusu kila siku unaiua kabla ya wakati wake. Kwa hiyo shika 600. Zipo za lithiamu zinazokubali kukamuliwa karibu zote, ila bei yake, we acha tu.

Juu ya paa ana paneli mbili za sola, kila moja wati 100. Mtu akisikia 200 anadhani anapata 200 tangu jogoo mpaka magharibi. Thubutu! Sisi tuliokulia karibu na Ikweta tumezoea jua la utosini. Arizona mwezi Januari jua linapita chini chini upande wa kusini, kama mtu mwenye deni anayekwepa duka la Mpemba. Paneli zikilazwa bapa juu ya paa zinaambulia wati-saa 500 hivi kwa siku nzima. Ukiziinua zikatazama kusini unapata hata mara moja na nusu ya hapo. Yaani mguu wa kuegemeza paneli, kitu cha bei ya karanga, unafanya kazi ya kununua paneli nyingine. Nilihesabu magari yaliyotuzunguka, walioinua walikuwa wachache mno.

Matumizi sasa. Taa tatu za LED, jioni nzima hazifiki wati-saa 60. Simu mbili, 30. Laptopu saa nne, 200. Pampu ya maji inakoroma dakika chache tu kwa siku. Friji ni ile inayotumia gesi, haigusi betri sana. Mpaka hapo mambo mswano. Mwizi mwenyewe anakuja usiku, tena hana sura ya wizi: ni feni ya hita. Hita yenyewe inachoma gesi, lakini hewa ya moto inasukumwa na feni inayokula wati 80 hivi. Jangwa mchana linachekacheka, usiku baridi inashuka mpaka nyuzi 5 au chini ya hapo. Hita inawaka, inazima, inawaka. Ukijumlisha saa tano za kuwaka, wati-saa 400 zimekwenda. Jua lote la mchana limeliwa na feni wewe ukiwa usingizini!

Ndiyo maana jamaa hafanyi hivyo. “Kaka, hapa hita ni ya alfajiri tu, dakika kumi za kuvalia suruali,” aliniambia usiku wa kwanza akiizima. Badala yake, kila dirisha limezibwa kwa shiti nene linalong'aa kama karatasi ya ndani ya pakiti ya sigara, blanketi ni mbili mbili, soksi za sufu, na chupa ya maji ya moto iliyoviringwa kwenye kanga miguuni. Nililala kama mtoto mchanga.

Mzee wa basi la futi 40 hakulala. Alikuwa na kiyoyozi, maikrowevu, runinga mbili, na mkewe ana mashine ya kukaushia nywele. Maikrowevu ikivuta wati 1,200 kutoka kwenye betri za volti 12, hizo ni ampea 100 zinazokimbia kwenye waya kwa mpigo. Kwa hiyo jenereta linaunguruma tangu asubuhi, na siku moja katika mbili mzee anakwenda mjini na dumu kutafuta mafuta. Siku ya nne akaja kwetu mwenyewe.

“Vijana, mbona kwenu kimya? Betri zenu ngapi?”

“Moja, mzee,” jamaa akamjibu.

“Moja?”

“Moja. Kwetu, mzee wangu, umeme ulikuwa wa mgao. Ukija tunapiga pasi, ukikatika tunapika.”

Mzee akacheka, lakini jioni nilimwona akichemsha maji ya kahawa kwenye gesi. Mimi simlaumu. Mtu aliyezaliwa na swichi ukutani hajawahi kuulizwa taa inakula kiasi gani.

Upande wa maji ndiko mtoto wa uswahilini anakopata digrii kabisa. Tangi la jamaa ni la lita 150. Bafu la kawaida la Marekani linamwaga lita 8 au 9 kwa dakika, kwa hiyo mtu mmoja akioga dakika kumi huku anaimba, zaidi ya nusu ya tangi imeondoka. Wenyewe wana mtindo waliouiga kwa wanamaji: unajilowesha, unafunga maji, unajisugua sabuni, unafungua kujisuuza. Si mbaya. Ila kuna yale maji ya baridi yanayotangulia kabla ya moto kufika. Wengi wanayaachia yaende. Sisi hatukufungua bafu hata siku moja. Birika la maji ya moto, ndoo, kopo la plastiki, lita tano, mtu anatakata mpaka nyuma ya masikio. Wewe msomaji uliyeogea uani na kopo la Blue Band, hukujua kwamba ulikuwa kozini!

Watu wawili, lita kumi kwa kila mmoja, tangi linafika wiki moja. Hapo usibane maji ya kunywa: hewa ya jangwa ni kavu, jasho linakauka kabla hujaliona, kichwa kinaanza kuuma ndipo unashtuka. Bana kwenye vyombo. Sufuria yenye mafuta futa kwanza kwa karatasi, halafu ndiyo uguse maji, na maji ya kusuuzia leo yanaanza kuoshea kesho. Wiki ya pili tulijaza madumu mjini.

Maji yakishatumika hayapotei, mwanangu. Gari-nyumba lina matangi matatu: la maji safi, la maji ya sinki na bafu, na la tatu, samahani kama unakula, la choo. La tatu ndilo limevunja urafiki wa watu wengi. Kuna wanaoacha valvu yake wazi wakidhani ni ujanja. Maji yote yanachuruzika, kilichobaki kinajipanga chini ya shimo la choo, kinakauka, kinajenga kilima. Wenyewe wanakiita piramidi, na hakuna anayetaka kulibomoa. Dawa yake nyepesi: valvu ifungwe muda wote, kila haja ifuatwe na maji ya kutosha, karatasi iwe ile nyepesi inayoyeyuka, na tangi lipelekwe likiwa limejaa kwenye kituo cha kumwagia ili lishuke kwa kishindo. Hapa ndipo pekee ambapo ubahili wa maji unakuadhibu.

Hayo yote ni usumbufu tu. Linaloua ni gesi, na hapa nataka tuache utani kidogo. Kila kinachowaka ndani ya chumba kilichofungwa kinaweza kutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu. Unaumwa kichwa, unalegea, unasinzia, ndo basi. Kwetu si jambo geni. Ukanda wa baridi, watu wanaingiza jiko la mkaa chumbani, wanafunga madirisha, asubuhi majirani wanavunja mlango. Gari-nyumba ni chumba kidogo kuliko hicho. Jiko la mkaa lisiingie hata kama limebakiza majivu mekundu tu. Jiko la kupikia lisigeuzwe hita. Jenereta likiwashwa, moshi wake usielekee dirisha la mtu, lako wala la jirani. Hizi hita ndogo za gesi zisizo na feni, ambazo wengi wanazipenda kwa sababu hazigusi betri, zinataka dirisha liwe wazi kidogo hata kama baridi inauma. Na king'ora cha kunusa hewa hiyo kiwe na betri nzima. Jamaa alikibonyeza kila jioni kabla ya kulala, kinalia pii, tunalala.

Namna ya kuegesha nayo ina elimu yake. Friji ya gesi inataka gari likae sawasawa, maana ndani yake amonia inazunguka kwa kuteremka yenyewe. Gari likiinama inakwama na friji inajipikia. Upande wa friji unaelekezwa kaskazini, kivulini, na madirisha makubwa kusini yaingize jua la bure. Lakini kabla ya hayo yote tazama ardhi. Pale jangwani kuna mikondo ya mchanga laini, tambarare, mizuri kama imefagiliwa. Mgeni anaona uwanja, mtu wa Dodoma anaona korongo. Mvua ikinyesha milimani mbali huko, maji yanashuka kwa ghafla na kuzoa chochote, gari na mwenyewe. Kaa juu, kwenye changarawe, hata kama kitanda kitainama kidogo. Vibao vya kuweka chini ya matairi vipo kwa kazi hiyo.

Siku moja tulikwenda makaburini. Naam, makaburini, maana Quartzsite hakuna mambo mengi. Pale kuna piramidi (hili la mawe, usiniharibie habari) na juu yake sanamu ya ngamia. Amelala hapo Hadji Ali, mchunga ngamia aliyeletwa Marekani mwaka 1856 wakati jeshi lao lilipojaribu kutumia ngamia majangwani. Wazungu walishindwa kulitamka jina lake, wakamwita Hi Jolly. Alifariki mwaka 1902, kaburi likajengewa mwaka 1935. Ngamia walishindana na jangwa bila tabu, ni jeshi lililokata tamaa nao. Jamaa alisimama pale akasoma fatiha, akaniambia huyu ndiye mtu wa kwanza mwenye akili kupiga kambi hapa: usafiri wake haukutaka mafuta, na maji yake yamo ndani ya mnyama.

Mwezi wa tatu ukielekea ukingoni, jangwa linageuka. Joto linapanda wiki hadi wiki, na kiangazi linapita nyuzi 40 kwa raha zake. Hapo hakuna hesabu ya betri itakayokuokoa: kiyoyozi kimoja cha paa, kikivuta wati 1,300 kwa saa nane, kinataka wati-saa elfu kumi na ushei, na wewe una mia tano. Kwa hiyo wajuzi hawashindani, wanahama kama Wamasai na ng'ombe wao. Wengi wanapanda Flagstaff, palepale Arizona, mita 2,100 kutoka usawa wa bahari, kwenye misonobari na upepo wa baridi. Ni mlima mrefu kwa gari la kukokota tela, kwa hiyo jamaa anamwaga matangi yote machafu kabla ya kuondoka, na la maji safi analiacha na lita ishirini tu za njiani. Lita 150 ni kilo 150, na maji Flagstaff yapo.