Kompyuta mpya: Asiyeona aulize prosesa kabla ya kulipa

Mfanyabiashara asiyeona anayeagiza kompyuta mpakato kutoka nchi jirani huuliza bei, ukubwa wa hifadhi na muda wa betri. Sasa lipo swali la nne: prosesa ni ya aina gani? Akikosea hapo, sauti inayomsomea ankara na barua pepe inaweza kunyamaza katikati ya kazi, na kuirudisha mashine ng'ambo ya mpaka ni nauli, muda na karatasi za forodha upya.

Kwa miaka mingi kompyuta nyingi za Windows zimetumia prosesa za x86 kutoka Intel na AMD. Juni 2024 liliingia sokoni kundi jipya lenye prosesa za Snapdragon X za kampuni ya Qualcomm. Hizi ni za jamii ya ARM, ile ile inayoendesha karibu simu zote za mkononi, na zinasifiwa kwa kutunza chaji. Tatizo ni kwamba ARM haielewi maagizo ya x86.

Windows hutatua sehemu ya tatizo hilo kwa mkalimani wa ndani, anayetafsiri programu za zamani zinapoendeshwa. Programu nyingi za kawaida huenda vizuri hivyo. Kisoma skrini kina kazi tofauti. Ili kujua kilichoandikwa, hupenyeza kipande cha msimbo wake ndani ya programu nyingine, kama mkaguzi wa forodha anayeingia ghalani kuhesabu mzigo badala ya kuuliza mlangoni. Programu iliyotengenezwa kwa ARM pekee haipokei kipande cha x86, na mkalimani hasaidii hapo.

NVDA, kisoma skrini cha bure kilichoanzishwa 2006 na Michael Curran na kuendelezwa pamoja na James Teh, Waaustralia wasioona, kimepita kizuizi hicho. Watengenezaji waliunda upya kipande hicho kwa ARM, kikawekwa pamoja na vile vya x86, ili kila programu ipate kinachoiendea.

Sauti nayo ina hadithi yake. eSpeak NG, inayokuja ndani ya NVDA na kusoma Kiswahili, ilitokana na programu ambayo Jonathan Duddington aliiandika 1995 kwa kompyuta za Acorn, zilizotumia ARM. Msimbo wake uko wazi, hivyo yeyote mwenye ujuzi anaweza kuuandaa kwa prosesa mpya. Sauti za kulipia zenye msimbo uliofungwa hungoja mwenye mali aamue.

Kizuizi kikubwa kilichobaki ni draiva. Mkalimani wa Windows hatafsiri draiva, kwa hiyo mashine ya nukta nundu au printa ya risiti inayohitaji draiva ya mtengenezaji lazima iwe na ile ya ARM. Vifaa vya nukta nundu vinavyofuata utaratibu wa HID vina nafuu, kwani hutegemea draiva iliyomo ndani ya Windows.

Dukani, ukurasa wa taarifa za mfumo utataja ARM kama ndiyo prosesa iliyomo. Vitufe vya Windows, Ctrl na Enter vikibonyezwa pamoja huwasha Narrator, kisoma skrini cha Windows chenyewe. Kisha mnunuzi achomeke NVDA iliyo kwenye flashi, afungue programu anazofanyia biashara, aunganishe printa yake na kusikiliza. Vyote vikijibu, ndipo atoe fedha.