Maji ya Meatu na mashine ya figo

Bukundi ni kata ya Wilaya ya Meatu, mkoani Simiyu, na huko shida ya maji si uhaba peke yake. Visima vingi vya Meatu vina floraidi nyingi, ile inayoyatia meno ya watoto rangi ya kahawia na, ikizidi sana, kuharibu mifupa. Shirika la Afya Duniani linataka maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 za floraidi kwa lita.

Kwa mgonjwa anayesafishwa damu, kiwango hicho ni kikubwa mno. Maji ya mashine yake hayatakiwi kuzidi miligramu 0.2. Sisi tunakunywa lita mbili tatu kwa siku. Yeye, katika saa nne za kuunganishwa na mashine, damu yake hupishana na lita 120 hivi, yaani ndoo sita kubwa, na kinachovitenganisha ni utando mwembamba tu. Kwa kawaida hufanyiwa hivyo mara tatu kwa wiki. Floraidi huupenya utando huo, na figo ambazo zingeitoa mwilini ndizo zilizoshindwa kazi.

Mwaka 1993, katika kituo kimoja cha Chicago, Marekani, mtambo wa kuchuja maji ulichoka ukaachia floraidi uliyokuwa umeinasa. Katika chumba kimoja, wagonjwa 12 kati ya 15 waliugua. Walijikuna vibaya, wakaumwa kichwa, kifua na mgongo, wakasikia kichefuchefu. Watatu walikufa baada ya mapigo ya moyo kuvurugika. Miaka mitatu baadaye, huko Caruaru, Brazil, sumu ya vijimea vya majini iliua wagonjwa zaidi ya 50 wa kusafishwa damu.

Kinachonishughulisha zaidi ni kule kujikuna. Ni jambo dogo, la aibu kidogo, na mgonjwa anaweza kulinyamazia. Mfikirie mtu aliyetoka Bukundi, ndugu wamechanga nauli, hadi Hospitali ya Bugando jijini Mwanza. Amelelewa kumheshimu daktari na kutosumbua watu kazini. Atasema kweli kwamba leo mwili unamwasha tangu mashine ilipowashwa? Atasema akiulizwa, tena akiulizwa na mtu aliyesimama kumsikiliza. Pale ndipo usalama unapoanzia, kabla ya mtambo wowote wa bei.

Muuguzi naye ana hofu yake. Akizima mashine kwa shaka tu, foleni inarefuka na wakubwa wanauliza. Akikiri kwamba kipimo cha klorini katika maji ya mashine, kinachotakiwa kabla ya kila zamu, hakikufanyika, huenda akaandikiwa barua ya kujieleza. Basi daftari linajazwa, saini inawekwa, na kosa linabaki limejificha hadi limdhuru mtu. Naamini anayetoa taarifa ya kosa mapema anastahili shukrani mbele ya wenzake, na uchunguzi uanze na kilichoharibika kabla ya kumtafuta wa kulaumiwa.

Huduma ya kusafisha damu inahitajika karibu na watu wa Simiyu. Inapoombwa, iulizwe pia maji yatatoka kisima gani, yatapimwa floraidi mara ngapi, nani atayapima upya siku yatakapoletwa kwa boza wakati wa kiangazi, na kama muuguzi wa zamu ataruhusiwa kuzima mashine bila kupiga simu kuomba ruhusa.